Siku moja angani, mwaka mzima Kariakoo: Tofauti ya mionzi iko hapa

Machinga anayeshinda Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kuanzia asubuhi hadi jioni hulalamikia jua. Kumbe kuna kingine kinachomshukia usiku na mchana, na hata hakioni: mionzi ya anga za mbali.

Mionzi hii ni chembe ndogo mno zinazosafiri kwa kasi kubwa kutoka kwenye jua na nyota zilizolipuka. Ikipenya mwilini huweza kuharibu seli, na ikizidi huongeza hatari ya saratani.

Mbona basi watu wa Dar wako salama?

Ngao ya kwanza ni hewa. Hewa yote iliyo juu ya Kariakoo huzuia mionzi sawa na maji yenye kina cha mita 10, yaani kama ghorofa tatu za maji juu ya kichwa chako. Na kwa kuwa Dar ipo usawa wa bahari, ngao yake ni nene kuliko ya kilele cha Kilimanjaro.

Ya pili ni sumaku ya dunia. Hiyo hupindisha chembe nyingi zisitufikie, na kinga yake ni kali zaidi karibu na ikweta, tuliko sisi.

Namba zinasemaje?

Mionzi inayoingia mwilini hupimwa kwa milisiveti. Mtu wa usawa wa bahari hupata takriban 0.3 kwa mwaka kutoka angani. Ukijumlisha inayotoka ardhini, kwenye kuta, chakula na hewa tunayovuta, wastani wa dunia ni 2.4 kwa mwaka.

Sasa panda hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga, kama kilomita 400 juu. Sumaku ya dunia bado inasaidia, ila hewa ya kukinga haipo. Wanaanga hupata 0.5 hadi 0.7 kwa siku. Ndiyo, kwa siku moja tu!

Safari ya Mars ni balaa zaidi. Chombo cha Curiosity, kilichorushwa na NASA mwaka 2011, kilipima njiani karibu 1.8 kwa siku. Wanasayansi wakakadiria kuwa kwenda na kurudi tu ni kama 660. Kikomo cha NASA kwa mwanaanga, kwa kazi yake yote, ni 600.

Vipi kuhusu simu?

Wapo wanaoogopa mionzi ya simu. Hiyo ni ya aina nyingine: haina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomi kama ile ya angani au ya eksirei.

Na hata hiyo yenye nguvu si adui siku zote. Kilomita chache kutoka Kariakoo, Taasisi ya Saratani Ocean Road huitumia kuua seli za saratani. Cha msingi ni kiasi chake, na inaelekezwa wapi.