Akili bandia: karani wa Kamembe aguswa kabla ya mvuvi

Akili bandia itamgusa nani kwanza wilayani Rusizi, nchini Rwanda? Si mvuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, anayekesha Ziwa Kivu, wala mkulima wa mpunga wa Bugarama. Ingia katika kibanda chochote cha kuchapa na kutoa kopi mjini Kamembe. Mteja anataka cheti cha kuzaliwa: karani anaingiza namba ya kitambulisho katika Irembo, tovuti ya huduma za serikali, anasubiri ujumbe uingie kwenye simu ya mteja, malipo yanapita kwa MoMo, yaani pesa za simu, kisha anachapa. Anayefuata anataka barua ya kuomba kazi. Karani huyo ndiye atakayeguswa kwanza.

Shirika la Kazi Duniani lilipopima jambo hili mwaka 2023, lilitumia orodha ya kimataifa yenye aina 436 za kazi. Kila kazi iligawanywa katika shughuli zake, na kila shughuli ikapewa alama kadiri mashine inavyoweza kuifanya. Ukarani ndio ulioongoza: takriban asilimia 24 ya shughuli zake zilionekana kuwa rahisi mno kufanywa na mashine. Hata hivyo, katika nchi maskini ajira zinazoweza kuchukuliwa ni asilimia 0.4 tu, dhidi ya 5.5 katika nchi tajiri.

Mimi hiyo 0.4 hainitulizi. Ni ndogo kwa sababu wakulima ni wengi, ilhali ukarani ndio kazi ya mezani inayokimbiliwa na vijana waliomaliza sekondari, hasa wasichana. Tena orodha humhesabu mtu kwa kazi moja, lakini karani wa Kamembe huyohuyo anaweza kuwa wakala wa MoMo asubuhi na kupeleka bidhaa Bukavu, ng'ambo ya mpaka nchini Kongo, jioni.

Kwa sasa kinachompunguzia karani wateja ni simu. Irembo ipo tangu 2015, na kampeni yake ya Byikorere (“jifanyie mwenyewe”) inawahimiza wananchi wajiombee huduma wenyewe. Wanaobaki kibandani ni wasiosoma vizuri, wasio na chaji, au wanaoogopa kukosea na kupoteza ada.

Kinachomlinda karani kwa wateja hao ni lugha zaidi kuliko udhaifu wa mashine, na ngome hiyo imeanza kubomoka. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, unaokusanya sauti za kufundishia mashine, una zaidi ya saa 2,000 za sauti za Kinyarwanda, zilizotolewa na watu wa kujitolea. Siku mama asiyejua kusoma atakapoiambia simu shida yake kwa Kinyarwanda ikamjazia fomu, alama ya karani itabidi ipimwe upya, hata kama orodha ile haijabadilika hata mstari mmoja.