Mbwa Akikesha, Sisi Tunalala

Pita mtaa wowote wa Mbezi, Dar es Salaam, au Buruburu, Nairobi, saa nane za usiku. Taa zimezimwa, mlinzi wa geti amejikunyata ndani ya koti lake, na anayesikika ni mbwa peke yake. Akibweka wa nyumba ya kwanza, wa pili anaitikia, na habari za mtu asiyejulikana zinafika mwisho wa mtaa kabla mwenyewe hajafika. Kunapokucha, mwenye nyumba anampita mlinzi huyo wa miguu minne bila hata kumtupia jicho. Akigombana na dereva wa daladala njiani, tusi la kwanza kumtoka kinywani ni jina la mnyama yuleyule aliyemlinda usiku kucha.

Ndivyo tulivyo na mbwa: tunamtegemea, na papo hapo tunamdharau. Tukifanya hesabu ya haki, tutakuta yeye amefanya zamu yake, na sisi ndio tunaodaiwa.

Deni lenyewe ni la kale. Kabla ya mbuzi, ng'ombe na kuku, mbwa ndiye aliyekuwa mnyama wa kwanza kuishi na binadamu. Asili yake ni mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia, ambaye si huyu mwenye mabaka anayeonekana katika hifadhi zetu. Mwaka 1914, huko Oberkassel karibu na mji wa Bonn, Ujerumani, lilifukuliwa kaburi la miaka ipatayo 14,000. Ndani yake walizikwa mwanamume, mwanamke na mbwa. Wataalamu waliochunguza meno ya mbwa huyo miaka mingi baadaye waligundua kwamba alikuwa bado mdogo na aliugua sana kabla ya kufa. Katika hali ile hakuweza kuwinda wala kulinda, na asingeishi muda mrefu bila mtu wa kumlisha na kumsafisha. Watu wa zama za mawe, wasio na duka wala hospitali, walimuuguza mbwa asiyewafaa kitu.

Huku kwetu urafiki huo umejengwa juu ya kazi. Kando ya Ziwa Eyasi, baadhi ya Wahadzabe huingia porini na pinde zao huku mbwa wakitangulia kunusa. Katika boma la Wamasai, mbwa ndiye anayetoa taarifa kwamba fisi au simba amesogelea zizi, na wenye mikuki wakaamka. Katika misitu ya Kongo yuko Basenji, mbwa mdogo mwenye mkia uliojikunja, ambaye habweki kama wenzake. Wawindaji humfunga njuga ili wajue yuko wapi anapozama kichakani kuwafukuza wanyama kuelekea kwenye nyavu.

Siku hizi pua ileile ya porini imepewa kazi ya serikali. Katika Hifadhi ya Taifa ya Virunga, mashariki mwa Kongo, kikosi cha mbwa kilianzishwa mwaka 2011 kuwasaidia askari wa hifadhi kufuata nyayo za majangili. Mwaka 2014 shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha mpango wa mbwa wa kunusa, na mafunzo yakawa yanafanyika Usa River, nje kidogo ya Arusha. Mbwa hao hufundishwa kutambua harufu ya pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kakakuona, kisha hupelekwa kwenye bandari na viwanja vya ndege. Sanduku ambalo ofisa angelifungua na kulipekua kwa muda mrefu, mbwa hulipitia kwa sekunde chache. Akigundua kitu anakaa chini na kutulia, na mshahara wake ni mpira wa kuchezea. Huyu huwezi kumpenyezea noti mkononi ili afumbe macho.

Wapo watakaosema kwamba dini inatuzuia kumkaribia mbwa. Ni kweli kwamba katika Pwani yetu, ambako wengi hufuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini sheria hiyohiyo inamruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Sura ya Al-Kahf inamtaja mbwa aliyekuwa pamoja na vijana wa pangoni. Na katika hadithi za Mtume imo ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Kujitwaharisha ni jambo moja, kumpiga mnyama mawe ni jambo jingine, na hakuna dini iliyotuagiza hilo la pili.

Sababu ya msingi ya kumwogopa mbwa ni ugonjwa, na hapa ndipo deni letu linapoonekana waziwazi. Kichaa cha mbwa hukadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na watoto ni sehemu kubwa ya waathirika. Dalili zikishaanza, kupona ni nadra mno. Hata hivyo kinga ipo na inajulikana: ukichanja mbwa saba katika kila kumi, ugonjwa unakosa njia ya kusambaa.

Pemba imetufundisha hilo. Baada ya kampeni za chanjo, kichaa cha mbwa kilitoweka kisiwani humo mwaka 2014. Kikaingia tena mwaka 2016, chanjo zikaongezwa nguvu, na kufikia mwishoni mwa 2018 kikawa kimetokomezwa kwa mara ya pili. Kilichofanya kazi pale ni sindano ya chanjo. Rungu na sumu, ambazo baadhi ya miji yetu bado inazikimbilia, haziwezi kuleta matokeo hayo, kwa sababu pengo la mbwa aliyeuawa huzibwa upesi na mwingine asiyechanjwa.

Faida ya chanjo haiishii kijijini. Mwaka 1994, virusi vya distempa, ugonjwa mwingine wa mbwa wenye chanjo yake, viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Simba wanaotuletea watalii wanahitaji mbwa wa wafugaji jirani wawe na afya njema.

Basi anayetaka kumshukuru mbwa asimtafutie mapambo. Amwekee maji safi kila siku, amfungue mnyororo anyooshe miguu, amhasi kama hana mpango wa kulea watoto wake, na afisa mifugo akitangaza siku ya chanjo, ampeleke. Mtoto akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa maji tiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo kuanza sindano. Mbwa ametimiza wajibu wake kwa maelfu ya miaka. Uliobaki ni wetu.