GIA HAINA KOSA, KOSA NI NJIA YA WAYA

Mdharau mwiba, wasema wahenga, mguu huota tende. Methali hiyo yawafaa sana wenye baiskeli za gia katika nyanda za juu za Njombe. Mtu hudunduliza fedha, akanunua gia, akampa fundi aifunge katika baiskeli yake ya kawaida. Siku ya kwanza anafurahi. Baada ya majuma machache mnyororo unaruka, gia inajibadili yenyewe katikati ya mlima, na mwenyewe anatoa hukumu: "Nimeuziwa gia mbovu." Gia inang'olewa na kutupwa pembeni ya nyumba, na fedha za familia zimepotea.

Mara nyingi hukumu hiyo ni ya uonevu. Gia ni nzima. Kilichoharibika ni njia ya ule waya mwembamba unaotoka kwenye usukani hadi gurudumu la nyuma. Makala haya yanaeleza njia hiyo ipangwe vipi, ili baba, mama na vijana wa nyumbani waweze kuikagua wenyewe.

KWA NINI GIA NJOMBE

Mji wa Njombe uko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi Makambako, panapokutana barabara kuu ya Zambia, barabara ya Songea na reli ya TAZARA, ni kiasi cha kilomita 60 za kupanda na kushuka. Mkazi wa kata ya Ramadhani anayepakia gunia la viazi kwenye keria hahitaji kufundishwa maana ya mlima. Kwa baiskeli isiyo na gia, hushuka akaisukuma.

Lakini baiskeli nyingi zilizozoeleka nchini, zile nzito zenye breki za vyuma, ziliundwa bila kufikiria gia. Fremu zake hazina vishikizo vya kupitishia waya. Hapo ndipo matatizo yanapoanza, kwa maana fundi analazimika kubuni njia pasipokuwa na njia.

WAYA HUVUTA, GAMBA HUSUKUMA

Waya wa namna hii, unaopita ndani ya gamba, ulipewa hati ya uvumbuzi Uingereza mwaka 1896 kwa jina la Ernest Monnington Bowden. Siri yake ni moja, na anayeielewa ameshapata nusu ya ufundi. Waya wa ndani unapovutwa, gamba la nje husukumwa kwa nguvu ile ile. Kwa hiyo mahali gamba linapokoma na waya kuendelea peke yake, pale penye kikomo, hapana budi pawe imara kama jiwe. Kikomo kikisogea milimita 2, ni sawa na kuulegeza waya milimita 2.

Je, milimita 2 ni kitu? Mwaka 1984 kampuni ya Shimano ya Japani ilitoa gia za hatua, ambazo mkono wake hualika kila unapohama. Katika gia nyingi za jamii hiyo zenye meno ya ngazi 7 nyuma, kila hatua huvuta waya kiasi cha milimita 3 tu. Ukipoteza milimita 1, mnyororo hautui panapostahili. Utakwaruza na kurukaruka baina ya ngazi mbili.

Hatari kubwa zaidi iko katika gia za ndani ya habu, zenye miendo 3, kama zile za Sturmey-Archer zilizoanza kutengenezwa Nottingham, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20. Katika aina yake mashuhuri, ile ya AW iliyotoka mwaka 1936, baina ya gia ya 2 na ya 3 kuna pengo ambapo pedeli huzunguka bure. Mpandaji aliyesimama juu ya pedeli, na mzigo nyuma yake, kikomo kikiteleza ghafla, mguu wake huenda chini bila kizuizi. Huanguka kifua juu ya usukani, pengine mbele ya lori. Kibano kidogo kilicholegea chaweza kumgharimu mtu meno yake, au uhai wake.

KUPANGA NJIA

Kwanza, funga kikomo kwa kibano cha chuma chenye skrubu kinacholingana na unene wa bomba la fremu. Chini yake weka kipande chembamba cha tyubu kuukuu, kibano kishike bila kukwaruza rangi. Kamba ya mpira haifai kushikilia kikomo, kwa sababu hunyumbuka. Yaweza kutumika kuliongoza gamba tu, tena bila kulibana, kwani gamba lililobanwa hubana waya.

Pili, usikate gamba kabla ya kupima. Shikiza gamba mahali pake, kisha geuza usukani mpaka mwisho kulia na mpaka mwisho kushoto. Likiwa fupi, kila kona itavuta gia. Likiwa refu mno, litaning'inia, litanasa vitu, na waya utasuguana njia nzima. Urefu mzuri ni ule unaoruhusu usukani kugeuka kote pasipo gamba kukazana.

Tatu, epuka kona kali. Gamba lipinde taratibu kama upinde wa mvua, na liingie katika kikomo likiwa limenyooka. Angalia zaidi kile kitanzi cha nyuma kinachoingia kwenye chombo cha kuhamishia mnyororo: kikiwa kifupi, gia huwa nzito. Mahali ambapo waya mtupu lazima ubadili mwelekeo, tumia kapi ndogo.

Nne, kumbuka mzigo. Kamba ya kufungia gunia hupita kwenye keria na fito za nyuma. Waya ukipita hapo hapo, kila ukikaza mzigo unakaza na gia. Upitishe kwenye bomba la chini la fremu, na huko nyuma uambatane na fito ya chini, mbali na kamba. Ukipita chini ya pedeli, safisha tope mara kwa mara wakati wa masika.

GAMBA LA BREKI SI LA GIA

Ukitazama ndani ya gamba la breki utaona waya bapa uliosokotwa kama chemchemi. Gamba la gia za hatua lina nyuzi za chuma zilizolazwa kwa urefu. La breki likitumiwa kwenye gia, hunywea kidogo kila linapopindwa, na hatua hupotea. La gia likitumiwa kwenye breki ni hatari kubwa: nyuzi zake zaweza kupasuka unapobana breki kwa nguvu, na mtelemko hauna huruma. Mtu asikubali badala hiyo hata kwa bei ya bure.

Ukikata gamba, sawazisha ncha yake kwa tupa, zibua tundu kwa ncha ya spoku iliyochongwa, kisha vika kofia ya chuma. Ncha iliyopondwa na koleo hukwaruza waya mpaka ukatike.

Tena kuna baridi yetu. Asubuhi za Juni na Julai grisi nzito huganda ndani ya gamba, waya ukachelewa kurudi. Tone la mafuta mepesi latosha.

KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

Kwa gia ya habu ya AW, weka mkono kwenye gia ya 2, uchungulie tundu la nati upande wa kulia. Ncha ya kile kijiti chenye mnyororo mdogo iwe sawasawa na mwisho wa ekseli. Kwa gia za hatua, inua gurudumu la nyuma, zungusha pedeli kwa mkono, upande na kushuka ngazi zote. Halafu geuza usukani kote huku mwenzako akizungusha pedeli. Gia ikijibadili, urefu wa gamba haujatosha au kikomo kinacheza. Mwisho vuta kila kibano kwa vidole. Kinachosogea kwa vidole hakitastahimili mlima.

Kazi hiyo yote haizidi robo saa, na kijana wa darasa la sita aliyeonyeshwa mara moja aweza kuifanya kila Jumapili. Basi kabla ya kuitupa gia kwa kudhani ni mbovu, fuata waya wake kwa jicho kutoka usukani hadi nyuma, kikomo kwa kikomo. Huenda nati moja ya kibano ikaziokoa fedha zako, na ikamrudisha salama yule aliyetoka alfajiri na gunia lake la viazi.