Nyasi za Ghalani, Ng'ombe wa Mlimani

Zamani ukitaka kujua mtu wa Törbel ana haki ya kupandisha ng'ombe wangapi mlimani, hukuwa na haja ya kuuliza habari za fedha zake. Ulichungulia ghala lake la nyasi.

Kijiji hiki kimejibana kwenye mteremko mkali juu ya bonde la Visp, jimbo la Valais kusini mwa Uswisi, mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji ni Wakatoliki, na Kijerumani chao cha milimani humtoa jasho hata Mjerumani wa Berlin. Kwa karne nyingi maisha yao yalikuwa kupanda na kushuka: mizabibu chini, nafaka ya rai na makonde ya nyasi kijijini, malisho ya kiangazi juu kabisa. Shamba, bustani na konde la nyasi vilikuwa mali ya mtu, na watoto wa kike walirithi sawa na wa kiume. Lakini msitu na malisho ya juu havikuwa vya mtu mmoja.

Tarehe 1 Februari 1483 wanakijiji waliandikiana mkataba wa kusimamia mali hiyo ya pamoja. Kanuni iliyokuja kuwa uti wa mgongo wake iliandikwa mwaka 1517: asipandishe mtu ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha zizini majira yote ya baridi. Theluji ikifunika ardhi, ng'ombe hula nyasi zilizokatwa na kukaushwa kiangazi, nazo hutoka kwenye konde la mwenyewe. Basi tajiri hakuweza kununua kundi wakati wa machipuko, alinenepeshe kwa majani ya wote, kisha aliuze. Mgeni naye, hata akinunua ardhi kijijini, hakupata haki ya malisho. Ni ukali, nakubali, ila mlima haukui.

Ng'ombe walihesabiwa mara tu walipofika juu, na kwa hesabu hiyo kila familia ilipata fungu lake la jibini. Mwenye ng'ombe wengi alidaiwa pia kazi nyingi zaidi ya kutengeneza njia na kujenga upya mazizi yaliyobomolewa na maporomoko ya theluji. Aliyezidisha mifugo alitozwa faini na Gewalthaber, yaani mshika mamlaka, ambaye nusu ya faini iliingia mfukoni mwake. Hapo ndipo ninapowavulia kofia wazee wale: walijua macho ya mlinzi anayelipwa hayasinzii. Msituni, miti ya kukata iliwekewa alama, kisha kaya zikaikata pamoja na kugawiwa marundo ya magogo kwa kura ya bahati.

Mwanaanthropolojia wa Marekani, Robert Netting, aliyaandika haya katika kitabu cha mwaka 1981. Mtaalamu wa sayansi ya siasa, Elinor Ostrom, akayatumia kupinga dai kwamba mali ya wote lazima iharibiwe na wote. Mwaka 2009 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobeli ya uchumi. Netting alipoishi Törbel miaka ya 1970, wanaume wengi walikuwa tayari wanashuka bondeni kufanya kazi viwandani. Nyasi za baridi walizikata wakitoka kazini.