Kenya na Watoto Wenye Vipawa Wanaoshindwa Kusoma

Mwishoni mwa mwaka 2025, zaidi ya wanafunzi milioni moja wa gredi ya tisa nchini Kenya walifanya mtihani wa kwanza wa kumaliza ngazi hiyo katika mtaala mpya wa umilisi. Alama za mtihani huo, pamoja na tathmini za miaka iliyotangulia, ndizo zinazowagawa katika mikondo mitatu: sayansi na ufundi, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Shabaha ya mtaala ni njema, kwani unakusudia kila mtoto akuzwe kwa kadiri ya kipaji chake. Hata hivyo, liko kundi moja ambalo ndilo litakaloonyesha kama shabaha hiyo imefikiwa, nalo ni la watoto wenye vipawa ambao papo hapo wana matatizo ya kujifunza.

Watoto hao si rahisi kutambulika. Mmoja wao huweza kueleza kwa mdomo, hatua kwa hatua, jinsi pampu inavyovuta maji kisimani, ilhali insha yake ya mistari kumi imejaa herufi zilizogeuzwa na maneno yaliyokatika. Tatizo hilo la kusoma na kuandika, ambalo wataalamu huliita disleksia, halitokani na uvivu wala upungufu wa akili. Kipawa huficha tatizo, maana mtoto hukariri na kukisia kwa werevu. Nalo tatizo huficha kipawa, maana karatasi yake haionyeshi anayoyajua. Matokeo yake ni alama za wastani, na mwalimu mwenye darasa kubwa huona kwamba hapana jambo la kushughulikiwa.

Lugha nayo huongeza ugumu. Mtaala wa Kenya unaelekeza kwamba katika gredi tatu za mwanzo watoto wafundishwe kwa lugha ya mahali wanapoishi, na kuanzia gredi ya nne kwa Kiingereza. Kiswahili huandikwa karibu sawasawa na kinavyotamkwa, Kiingereza sivyo. Hivyo mtoto aliyekuwa akijikongoja bila kugunduliwa huweza kuanguka ghafla afikapo gredi ya nne, na kuanguka huko kukagusa masomo yote, hata yale anayoyaelewa kuliko wenzake.

Haiwezi kusemwa kwamba Kenya haikulifikiria jambo hili. Vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya nchi hiyo ikaundwa mwaka 1986. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inawahesabu wenye ulemavu na wenye vipawa vya pekee kuwa wote wana mahitaji maalumu. Ugumu ni kwamba katika orodha hiyo kila kundi lina mstari wake, na mtoto aliye katika mistari miwili huhesabiwa katika mmoja, au asihesabiwe kabisa. Kwa kawaida hupelekwa kupimwa kwa sababu ya anachoshindwa, si kwa sababu ya anachokiweza.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mtoto wa namna hii hustahili mambo mawili kwa wakati mmoja: afundishwe kusoma taratibu, sauti kwa sauti, na papo hapo apewe maswali magumu yanayolingana na akili yake. Aruhusiwe kujibu kwa mdomo, asomewe swali, na aongezewe muda. Kumnyima kazi ngumu mpaka kwanza ajue kuandika vizuri ni kumwadhibu kwa kosa asilolitenda. Na kumsifu kwa werevu wake bila kumsaidia kusoma ni kumtelekeza.

Mafundi na wavumbuzi ambao Kenya inawatafuta katika mkondo wa sayansi, baadhi yao wamo katika madarasa hayo, wakiwa na alama za wastani. Kuwapata kutategemea mwalimu anayesikiliza jibu la mtoto kabla ya kulisahihisha daftari lake.