Daftari la Mahudhurio Halitoshi

Programu ya vijana au ya familia hupimwa kwa swali moja: walengwa wangekuwaje leo kama programu isingewafikia kabisa? Jibu la swali hilo halimo kwenye daftari la mahudhurio, na daftari ndilo ushahidi rahisi kupatikana katika kata nyingi za Tanzania, zikiwemo za wilaya ya Kyela, kando ya Ziwa Nyasa. Daftari litasema nani alifika kwenye semina ya Ipinda au Ngonga, alitoka kijiji gani na alisaini mara ngapi. Halitasema kama binti aliyesaini yuko salama zaidi kuliko jirani yake ambaye hakualikwa.

Ugumu unaanzia kwenye umri wenyewe. Kijana wa miaka 15 akifuatwa tena akiwa na 17 atakuwa amebadilika, awe alihudhuria semina au la. Atakuwa ameingia ziwani kuvua usipa, au ameacha shule, au anabeba abiria kwa bodaboda kati ya Kyela mjini na mpaka wa Kasumulu. Bei ya kakao nayo ikipanda, nyumba nyingi hupata ahueni kwa pamoja, na mwenye mradi akifanya tathmini msimu huo anaweza kujipa sifa ya ahueni ambayo hakuileta. Ndiyo maana watafiti huweka kundi la kulinganisha: vijiji vinavyofanana, kura ikapigwa, vingine vikapata programu na vingine vikasubiri au vikaendelea na huduma za kawaida. Bei ya kakao ikipanda inawapandia wote, na miaka inawapita wote. Tofauti itakayobaki ndiyo inayoweza kuhesabiwa kuwa kazi ya programu.

Somo kubwa la aina hiyo nchini lilitoka Mwanza. Mwaka 1998 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, pamoja na shirika la afya la AMREF na chuo cha afya na magonjwa ya kitropiki cha London, walianza utafiti wa MEMA kwa Vijana. Maeneo 20 ya vijijini yaligawanywa kwa kura. Kumi yalipata masomo ya afya ya uzazi kuanzia darasa la tano hadi la saba, wahudumu wa zahanati waliofundishwa kuwapokea vijana bila kuwakemea, na vijana wenzao waliosambaza kondomu. Kumi mengine hayakupata. Vijana zaidi ya 9,000 waliandikishwa na kufuatiliwa kwa miaka mitatu.

Matokeo yalikuja na sura mbili. Kwa majibu ya mdomo, programu ilifanikiwa: vijana wa maeneo yaliyofundishwa walijua mengi zaidi kuhusu Virusi vya UKIMWI na mimba, mitazamo yao ilikuwa imebadilika, na baadhi yao, hasa wavulana, walieleza tabia zenye hatari ndogo zaidi. Vipimo vya maabara havikuunga mkono. Maambukizi ya VVU, ya malengelenge ya sehemu za siri, na mimba havikuonyesha tofauti ya kutegemewa kati ya makundi mawili. Watafiti walirudi mwaka 2007 na 2008, vijana wale wakiwa watu wazima, wakapima tena. Elimu ilikuwa bado imebaki vichwani. Maambukizi hayakuwa yamepungua.

Kwa nini mdomo na damu visiseme jambo moja? Ndani ya utafiti huohuo lilifanyika zoezi ambalo kila mratibu wa programu angestahili kulijua. Watafiti walilinganisha njia tano za kumuuliza kijana kuhusu maisha yake ya mapenzi: dodoso la ana kwa ana, dodoso la kujaza mwenyewe, mahojiano marefu ya faragha, vipimo vya mwili, na kuishi kijijini na vijana wenyewe, kulima nao, kuchota maji nao na kwenda nao minadani. Ripoti yake, iliyotoka mwaka 2004, ilionyesha kuwa kulikuwa na wasichana ambao vipimo vilithibitisha wamewahi kufanya ngono, ilhali kwenye dodoso walikuwa wamekana. Mahojiano marefu yalitoa ukweli zaidi kuliko dodoso, na kuishi kijijini kulitoa picha ambayo dodoso halikuweza kuigusa.

Uongo huo una mantiki yake. Anayeuliza ni mgeni, ana karatasi na kalamu, na anafanana na mwalimu. Msichana wa wakati huo, aliyejua kuwa mwanafunzi mjamzito alipoteza shule, hakuwa na sababu ya kumpa mgeni jibu ambalo lingemponza. Wavulana wana msukumo wao, na kwa wengine majigambo huongeza hesabu badala ya kuipunguza. Programu nayo inaongeza tatizo, kwa kuwa kijana aliyefundishwa kwa miezi kadhaa anajua jibu gani linasubiriwa. Akilitoa, mhoji anaandika mafanikio.

Sauti iliyosaidia zaidi kueleza kilichokosekana ni ya Joyce Wamoyi, mtafiti wa sayansi ya jamii wa NIMR Mwanza, aliyehamisha macho kutoka darasani kwenda nyumbani. Utafiti wake na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, ulichunguza mzazi na mtoto wanazungumza nini kuhusu uzazi na ngono huko vijijini. Walizungumza, lakini kwa namna maalumu: mama kwa binti, baba kwa mwana, na mara nyingi baada ya jambo baya kuonekana, kama binti wa jirani kubeba mimba au mtu kufariki kwa UKIMWI. Mazungumzo yalikuja kwa sura ya maonyo, vitisho na wakati mwingine viboko. Mtoto alijifunza kuficha.

Wamoyi alifuatilia pia fedha na zawadi katika mapenzi ya vijana. Wasichana aliowasikiliza hawakujieleza kama watu wasiojua hatari. Walieleza mahitaji: sabuni, mafuta, nguo, pesa ya matumizi ambayo nyumbani haikupatikana au haikutolewa. Baadhi ya wazazi waliona kitu kipya kimeingia ndani wasiulize kimetoka wapi. Kwa mtazamo huo, kumwongezea msichana somo la kumi na mbili kuhusu kondomu ni kujibu swali ambalo hakuliuliza. Mazungumzo ndani ya familia na kipato ndivyo vinavyomgusa, na ndivyo programu za mwanzo ziliviacha nje.

Jaribio la kuviingiza vyote kwa pamoja limefanyika jirani kabisa na Kyela. Programu ya Ujana Salama iliendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, Tume ya Kudhibiti UKIMWI na UNICEF katika halmashauri za Rungwe na Busokelo mkoani Mbeya, na Mufindi na Mafinga mkoani Iringa. Mikoa hiyo ni miongoni mwa ile yenye mzigo mkubwa wa VVU: upimaji wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta asilimia 9.3 ya watu wazima Mbeya wanaishi na virusi, wakati kiwango cha taifa kilikuwa karibu 5. Walengwa walikuwa vijana wa miaka 14 hadi 19 kutoka kaya zilizomo tayari kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini. Vijiji 130 viligawanywa kwa kura. Vyote viliendelea kupata ruzuku ya kawaida ya TASAF; nusu viliongezewa mafunzo ya wiki 12 kuhusu stadi za maisha, biashara na afya ya uzazi, kisha ushauri wa karibu kutoka kwa mlezi anayeishi humohumo kijijini, kisha mtaji mdogo wa karibu dola 80 za Marekani kwa aliyeandaa mpango wa biashara au wa masomo.

Tathmini zilizofuata zilionyesha ujuzi kuongezeka na vijana wengi zaidi kuingia kwenye ufugaji na biashara ndogondogo. Lililoshangaza kwa uzuri ni ukatili: wasichana wa vijiji vya programu waliripoti kufanyiwa ukatili wa kingono kwa kiwango kidogo kuliko wenzao, na wavulana waliripoti kufanya ukatili wa kimwili kwa kiwango kidogo pia. Katika nchi ambayo uchunguzi wa kitaifa wa 2009 ulikuta karibu wasichana watatu kati ya kumi wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, punguzo la aina hiyo si dogo. Hata hivyo si kila kipimo kilisogea, na matokeo hayo, kama ya Mwanza ya mdomo, yametegemea kile vijana walichokubali kumwambia mhoji.

Je, ushahidi huo unaweza kushuka hadi ziwani? Kyela ilikuwa sehemu ya Rungwe hadi mwaka 1972, lugha ni moja na koo ni zilezile. Lakini Rungwe ni chai, ndizi, viazi na baridi. Kyela ni mpunga, kakao, joto na mito ya Mbaka, Lufilyo, Kiwira na Songwe inayofurika mvua zikikolea. Somo la kila wiki lililopangwa saa za mchana milimani litawakosa vijana wa Matema wakati wa giza la mwezi, kwa sababu usipa huvuliwa usiku kwa taa na mvuvi hulala mchana. Likipangwa msimu wa kupandikiza mpunga, litawakosa wasichana. Mtaji uliokuwa nguruwe na kuku huko juu huenda huku ukawa hisa ya wavu au pikipiki ya kukodi, na kila kimoja kina hasara yake.

Mwili nao una habari zake za mahali. NIMR Mbeya na Chuo Kikuu cha Munich waliwafuatilia watu wa Kyela kati ya 2006 na 2011, wakipima minyoo ya matende na mabusha pamoja na VVU. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la The Lancet. Kati ya wenye minyoo, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa 1.91 kwa kila watu 100 kwa mwaka. Kati ya wasio nayo, 0.80. Hata mwenendo wa ngono na hali ya kipato vilipoingizwa kwenye hesabu, tofauti haikuondoka. Programu iliyohesabu tabia peke yake bondeni humo miaka hiyo ingeweza kumlaumu kijana kwa jambo ambalo mbu amechangia, huku siku ya kingatiba ya matende ikiwa haimo hata kwenye ratiba yake.

Kuna pia ushahidi wa zamani zaidi. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa, wenyeji wa Kyela na Rungwe, kati ya 1934 na 1938, waliandika jinsi wavulana wa rika moja walivyojenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji, wakalala huko, na kwenda kwa kikundi kula nyumbani kwa mama wa kila mmoja kwa zamu. Vijiji vya rika vimekwisha. Wazo la kumlea kijana ndani ya kundi la wenzake, na akina mama kadhaa wakimjua, si geni mahali hapa, na mlezi wa Ujana Salama ana asili anayoweza kuitumia. Kwa wasichana, ambao mpango wa rika haukuwajengea kijiji chao, asili hiyo inasaidia kwa kiasi gani?

Nafasi ya kupima ipo tayari kwenye bajeti. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, asilimia 4 ikiwa ya vijana. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Maombi yakizidi fedha, kata zinaweza kupangwa kwa kura ya hadharani, nusu zianze mwaka huu na nusu mwakani. Hakuna anayenyimwa, na wanaosubiri wanakuwa kundi la kulinganisha bila gharama ya ziada. Kinachohitajika ni maswali machache kabla ya fedha kutoka na maswali yaleyale mwaka mmoja baadaye, yakiulizwa na mtu asiyegawa mikopo, na pale inapowezekana yakilinganishwa na kumbukumbu ambazo hazimpendezeshi yeyote: rejesta ya shule, ya zahanati, ya Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Hata hapo kuna maswali ambayo kura haiyamalizi. Kesi zikiongezeka kwenye dawati la polisi, ukatili umezidi au ujasiri wa kuripoti umekua? Kijana wa kata inayosubiri anaambiwa nini mwaka mzima? Na matokeo yakionyesha kuwa programu inayopendwa haikubadilisha kitu, kama ilivyotokea Mwanza, ni afisa gani wa wilaya atakayelindwa akiandika hivyo?