Kupanda Ngazi Tena: Namna ya Kuongezewa Kiwango cha Mkopo Baada ya Kumaliza Deni Lililochelewa

Katika ziara zetu za kutembelea vikundi vya kuweka na kukopa sharikani, swali moja limejirudia karibu kila mahali. Mwanachama anasimama na kusema: "Niliwahi kukwama. Deni nimelimaliza lote. Mbona bado napewa kiasi kile kile kidogo?" Swali hili linawahusu wanachama, kamati za sharika na hata wahisani wanaosaidia kazi hii. Toleo hili tumeona tulieleze kwa kirefu.

Naomba nianze na kisa ambacho na mimi nina sehemu ndani yake. Mama mmoja, mwanachama wa VICOBA katika usharika wa vijijini, alikopa Sh. 500,000 ili anunue maharage wakati wa mavuno na kuyauza bei ikipanda. Maharage yalibunguliwa stoo. Deni lililotakiwa kwisha kwa miezi 6 lilimchukua miezi 17, lakini alilipa mpaka shilingi ya mwisho na wadhamini wake hawakuguswa. Msimu uliofuata aliomba Sh. 400,000. Hisa zake zilikuwa Sh. 240,000, na katiba ya kikundi inaruhusu mkopo hadi mara 3 ya hisa, yaani Sh. 720,000. Kamati ilimpa Sh. 100,000. Hakuelezwa sababu, wala hakuambiwa ni lini atafikiriwa tena. Mimi nilikuwapo katika kikao kile kama mgeni kutoka ofisini, na nilinyamaza.

Wiki mbili baadaye mama yule alikwenda kwa wakopeshaji ambao wananchi wamewapa jina la "kausha damu". Alichukua Sh. 300,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Kwa miezi 4 alilipa Sh. 360,000 za riba peke yake, na zile Sh. 300,000 za mwanzo zilikuwa bado zimesimama pale pale. Mwezi wa tano walikuja kuchukua cherehani yake.

Kikundi kilikuwa na sababu ya kuwa na tahadhari, kwa maana fedha ile ni jasho la wanachama wote. Kosa letu lilikuwa kwamba tulimfungia mlango bila kumwonyesha ngazi. Makala hii inahusu ngazi hiyo: mkopaji anaipandaje, na kamati inaiwekaje.

KIWANGO CHA MKOPO KINATOKA WAPI?

Kila mkopeshaji ana namna yake ya kupanga kiwango cha juu cha mkopo. Tuziangalie tatu ambazo watu wetu hukutana nazo.

Kwanza, vikundi vya kijamii. Utaratibu wa vikundi vya hisa ulianza na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ukaenea Afrika nzima. Mwanachama hununua hisa kila kikao, na kwa kawaida hukopa hadi mara 3 ya hisa zake. SACCOS nyingi nazo hufuata akiba ya mwanachama kwa njia inayofanana na hiyo. Hapa kiwango hupanda kadiri akiba inavyopanda.

Pili, benki na taasisi za fedha. Hizi hutazama kipato, dhamana na historia ya ulipaji. Nchini Tanzania Benki Kuu ilitoa kanuni za taarifa za wakopaji mwaka 2012, na zipo taasisi binafsi zenye leseni ya kutunza taarifa hizo. Mtu aliyechelewa kulipa benki moja anaweza kuonekana na benki nyingine.

Tatu, mikopo ya simu. M-Shwari ilianza Kenya mwaka 2012, na M-Pawa ilianza Tanzania mwaka 2014. Hapa hakuna kamati ya kuketi. Kompyuta hutazama jinsi mteja anavyotumia laini yake, anavyoweka akiba na anavyorudisha mikopo midogo, kisha hupandisha au kushusha kiwango chake.

Wahisani wetu walioko Marekani wanalijua jambo hili kwa njia ya kadi ya mkopo. Kule, alama ya FICO hupima mkopaji kwa mambo matano: kulipa kwa wakati (asilimia 35), kiasi anachodaiwa, hasa kikilinganishwa na kiwango alichoruhusiwa (30), urefu wa historia yake (15), mikopo mipya (10) na aina za mikopo (10). Mwenye kadi aliyewahi kuanguka hupanda tena kwa kulipa kila mwezi bila kukosa, kutumia sehemu ndogo tu ya kiwango chake, na kutoomba huku na huko kwa wakati mmoja. Mambo hayo matatu yanafanya kazi hata chini ya mwembe wa kikundi.

MKOPAJI AFANYE NINI?

1. Hakikisha deni la zamani limefungwa kwenye maandishi. Dawa ya deni kulipa, lakini kulipa kusikoandikwa ni nusu ya dawa. Kikundini, daftari lisainiwe na mweka hazina mbele ya wanachama. Benki, omba barua ya kumaliza deni. Ikiwa taarifa zako katika taasisi ya kumbukumbu za wakopaji bado zinaonyesha unadaiwa, una haki ya kuomba nakala yake na kudai marekebisho. Barua ile itunze mahali panapotunzwa hati ya shamba.

2. Jenga akiba kabla ya kuomba. Katika kikundi au SACCOS hii ndiyo njia iliyonyooka kuliko zote, kwa sababu kila hisa unayonunua inainua kiwango chako yenyewe. Hisa ndogo kila wiki bila kukosa inaaminika kuliko hisa nyingi za siku moja zilizonunuliwa karibu na siku ya kuomba mkopo. Kamati huiona tofauti hiyo.

3. Kopa kidogo, lipa kwa tarehe. Mikopo midogo miwili au mitatu iliyorudishwa kwa wakati inakusemea vizuri kuliko maelezo marefu. Usichukue kiwango chote unachoruhusiwa kila mara. Anayefika ukingoni kila msimu anaonekana kama mtu asiye na pumzi ya ziada siku mvua ikigoma.

4. Usiombe kila mahali. Mikopo mitatu ya simu pamoja na ya kikundi humfanya mtu akope huku ili alipe kule. Kukopa harusi, kulipa matanga. Aidha, mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kabla ya kupakua programu ya mkopo, uliza kama mwenye nayo ana leseni.

5. Omba kwa wakati wake na kwa hesabu. Wakati mzuri ni mara tu baada ya kumaliza mkopo kwa tarehe, na mwezi mmoja au miwili kabla ya msimu unaohitaji fedha. Omba ngazi moja tu, usiruke tatu. Peleka karatasi yenye hesabu ya biashara na ueleze safari hii umebadilisha nini. Yule mama angeweza kusema: "Safari hii nitatumia mifuko isiyopitisha hewa, na nusu ya mzigo nitauza mapema." Sentensi hiyo kamati ingeisikiliza.

6. Ukikataliwa, uliza mambo mawili: sababu ni nini, na nifanye nini ili nifikiriwe tena, na lini? Usiondoke na neno "subiri" peke yake.

KIWANGO CHA DAFTARI NA KIWANGO CHA MFUKO

Lipo jambo moja ambalo mara nyingi tunalisahau. Kiwango unachoruhusiwa siyo kiwango unachoweza kulipa. Turudi kwa mama yetu. Daftari lilimruhusu Sh. 720,000. Biashara yake ilimwachia faida ya wastani wa Sh. 210,000 kwa mwezi baada ya gharama zote. Katika semina zetu tunashauri rejesho la mwezi lisizidi theluthi moja ya faida, ili mbili zilizobaki zihudumie nyumba, ada za watoto na dharura. Theluthi ya Sh. 210,000 ni Sh. 70,000. Mkopo wa Sh. 400,000 kwa miezi 6, pamoja na ada ya kikundi ya asilimia 5 kwa mkopo wote, ni jumla ya Sh. 420,000, yaani Sh. 70,000 kila mwezi.

Kumbe kiasi alichoomba ndicho hasa mfuko wake ulichoweza kubeba. Hesabu hii ingechukua dakika 5. Hatukuifanya. Tulitazama ucheleweshaji wake wa zamani tukaishia hapo. Hesabu hiyo hiyo ingetuzuia pia kumpa Sh. 720,000 kwa huruma, jambo ambalo lingemrudisha shimoni.

KAMATI IFANYE NINI?

Kikundi kile baadaye kiliketi na kuandika utaratibu mpya katika katiba yake. Tunaushirikisha hapa kwa kuwa vikundi vingine vinaweza kuurekebisha kwa mazingira yao:

- Aliyemaliza deni lililochelewa anaanza na mkopo usiozidi mara 1 ya hisa zake.
- Akiulipa kwa tarehe, anapanda hadi mara 1 na nusu, kisha mara 2, na mwisho mara 3 kama wengine.
- Akichelewa kwa sababu iliyothibitishwa, kama ugonjwa au msiba, anabaki ngazi ile ile. Akichelewa bila taarifa, anashuka ngazi moja.
- Kila ombi linapimwa kwa theluthi ya faida, bila kujali ngazi aliyopo mwombaji.
- Anayepunguziwa au kukataliwa anaelezwa sababu na tarehe ya kufikiriwa tena, na vyote vinaandikwa.

Tunaongeza mambo mawili. Kwanza, habari za deni la mtu zibaki kikundini. Si halali kuzitangaza kwenye matangazo ya ibada wala kuzinong'oneza sokoni. Aibu haijawahi kulipa rejesho. Pili, kikundi kiwe kimesajiliwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi vya kijamii katika daraja la nne, na usajili wake unafanyika kupitia halmashauri. Kikundi kilichosajiliwa kina pa kusimama mgogoro ukitokea.

FUNZO KUTOKA KENYA

Majirani zetu wamelijaribu jambo hili kwa upana mkubwa. Mnamo Novemba 2022 Benki Kuu ya Kenya ilianzisha mpango wa kurekebisha taarifa za wakopaji wadogo wa simu. Wakopaji zaidi ya milioni 4 walikuwa wamekwama katika mikopo ya siku 30 au chini ya hapo. Benki zilitakiwa kuwapunguzia angalau nusu ya deni, nao wakapewa hadi mwisho wa Mei 2023 kulipa sehemu iliyobaki. Tunachojifunza ni kwamba msamaha ulikuja pamoja na mpango wa kulipa na tarehe ya mwisho. Kufuta alama mbaya kunamrudisha mtu kwenye ngazi ya kwanza. Kupanda kutoka hapo ni kazi ya marejesho yake mwenyewe.

NENO KWA WAHISANI

Baadhi ya marafiki zetu wameuliza kama wangeweza kuchangia fedha ili viwango vya mikopo vipande haraka. Tunashukuru kwa moyo huo. Uzoefu wetu ni kwamba fedha ya nje inayoingia sandukuni kwa ghafla huonekana kama fedha isiyo na mwenyewe, na marejesho hulegea. Msaada unaodumu zaidi ni ule wa kufundisha makatibu na waweka hazina kutunza madaftari, kununua vifaa vya kuhifadhia mazao, na kugharamia safari za wakufunzi kufika sharika za mbali. Kama mazao yasingebunguliwa, huenda kisa hiki kisingekuwapo.

Mama yule yu hai na anaendelea kushiriki kikundini. Amekwisha lipa mikopo miwili kwa tarehe na sasa yuko ngazi ya mara 2 ya hisa zake. Cherehani haijarudi, anashona kwa ya kukodi, na kodi hiyo inakula faida ambayo ingekuwa hisa. Ndiyo gharama ya kikao kimoja ambacho hatukufanya hesabu.

Tunaziomba kamati zote, kabla ya msimu wa mavuno ujao, zifungue madaftari na kuwatafuta wanachama waliomaliza madeni lakini bado wako chini. Waiteni, mwaonyeshe ngazi ilipo, na mwaambie ya kwanza wanaikanyaga lini.